Maji Yasiyo na Risasi

Katika nchi yetu maandamano yanaruhusiwa. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nataka kulalamika. Nimefundisha somo la Uraia miaka ishirini na sita katika shule ya msingi ya mji wetu wa Bubujiko, na kila mwaka nimewaandikia watoto ubaoni kwamba raia ana haki ya kukusanyika kwa amani na kusema la moyoni, mradi awe na kibali. Kibali mimi nilikipata. Kilikuwa na mihuri saba. Nitakayoyasimulia hapa yote yalifanyika kwa mujibu wa sheria, isipokuwa ya siku ya mwisho.

Mke wangu anaitwa Radhia Chambiko. Alikuwa mpimaji katika maabara ya Mamlaka ya Maji. Kila Jumatatu asubuhi alizunguka mjini na kikapu cha chupa, akakinga maji kwenye mabomba tisa, akarudi kuyapima na kuandika matokeo. Kwa miaka kumi na minne matokeo yalikuwa mazuri, na kila mwisho wa mwaka alipewa cheti na doti ya khanga. Kisha kikajengwa kiwanda cha betri kule juu mto unakoanzia, mali ya bwana mmoja ambaye sheria hairuhusu jina lake litajwe katika sentensi moja na neno mto.

Mvua zilizofuata, watoto wakaanza kuumwa matumbo. Waliacha kucheza, wakawa wanakaa tu ukutani kama wazee. Wengine wakashikwa na degedege. Darasani kwangu alikuwamo binti aliyesoma kitabu kizima mwezi wa pili, na mwezi wa tano hakuweza kuliandika jina lake. Akinitazama, mimi nikajifanya natafuta chaki. Hadi mvua zinakatika walikuwa wamekufa thelathini na mmoja. Hospitali yetu ina orodha ya magonjwa yanayokubalika kuua, na kwa kuwa ugonjwa huu haukuwamo, daktari aliandika kwenye vyeti vyote: uchovu.

Radhia akapima maji, akakuta risasi.

Hapa itanibidi nieleze, maana ndipo balaa letu lilipoanzia. Risasi ni madini laini ya kijivu yanayotumika kutengenezea betri. Yakiingia mwilini mwa mtoto, hukaa humo na kumla akili. Mke wangu aliandika ripoti ya ukurasa mmoja: maji ya bomba la sokoni yana risasi mara arobaini ya kiwango kinachovumilika. Akampelekea mkurugenzi wake. Mkurugenzi alimwagiza arudie kupima mpaka maji yajirekebishe. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Mara ya tatu mkurugenzi alimshauri aende likizo, kwa sababu macho yake yalikuwa yanaona mambo mengi mno.

Siku hiyohiyo alizikwa mtoto wa pili wa jirani yetu, Bi Mwajabu. Bi Mwajabu alikuwa akiuza sharubati ya ukwaju kwa jagi na glasi pale sokoni, na maji ya kuchanganyia aliyachota kwenye bomba lilelile. Wanawe wawili walikuwa wanakunywa yaliyobaki kila jioni. Radhia alirudi kutoka mazishini, akakaa mezani bila hata kuvua mtandio, akaandika ile ripoti kwa mkono wake mara tisa. Nilimwambia ziko njia za kufuata. Alisema amezifuata, zote zinarudi kwenye meza ileile. Akachukua gundi, akatoka, akabandika karatasi moja kwenye kila bomba.

Walimkamata gundi ya bomba la tisa haijakauka.

Alishtakiwa kwa kutangaza kwamba serikali imeficha risasi ndani ya maji ya wananchi. Hakimu aliuliza ni risasi za bunduki aina gani. Radhia alieleza kwamba ni madini, siyo silaha, na mwendesha mashtaka akasimama kulalamika kuwa mshtakiwa anabadilisha maelezo. Basi likaitwa jeshi. Wapiga mbizi walizama siku mbili ndani ya matangi ya mji, wakatoka na ripoti kwamba hawakuona risasi hata moja, wala ganda lake, na ripoti hiyo ikapokelewa kama kielelezo namba moja. Radhia aliomba chupa zake nazo zipokelewe. Hakimu alikataa, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na maji, na maji katika kesi hiyo ndiyo yaliyokuwa mlalamikaji.

Alifungwa miaka saba. Hakimu alikuwa mpole. Alituambia kwamba angeweza kutoa kumi.

*

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nikirudi kutoka shuleni nakaa kwenye kiti cha barazani mpaka jua linatua. Sikuwa na la kufanya ndani. Ndala zake zilikuwa mlangoni na sikuweza kuziondoa wala kuzipita.

Bi Mwajabu ndiye aliyenitoa pale kitini. Alikuja alasiri moja, akakataa kukaa.

"Mwalimu, utakodolea macho barabara mpaka lini?" alisema. "Yule kafungwa kwa ajili ya wanangu. Wangu hawarudi. Wako bado yuko hai."

Nikamweleza kwamba sheria inaturuhusu kufanya mkutano wa kumtetea, tena wazi, mchana. Akasema haya, na tuifuate hiyo sheria yangu, tuone mwisho wake ni wapi.

Kituo cha polisi cha Bubujiko kina Dawati la Kurahisisha Maandamano. Mkuu wake ni Inspekta Lutufyo, mtu msafi, mwenye kalamu nne mfukoni. Alinipa fomu ya kurasa kumi na moja. Iliuliza majina ya watakaohudhuria, sehemu wanakolala, na maneno watakayosema kwa mfuatano. Ukurasa wa sita ulitaka kiwango cha hasira: hakuna, kidogo, au wastani. Nilitia alama kwenye wastani. Inspekta alinishauri kirafiki nibadilishe niweke hakuna, maana wastani hupelekwa makao makuu na huko hakijawahi kurudi kitu.

Tulikuwa tumeomba kutembea kutoka sokoni hadi ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mwendo wa dakika nane. Inspekta alieleza kwamba maandamano yanayotembea yako chini ya dawati la usalama barabarani, ambalo lilifungwa zamani. Kwa hiyo angeweza kuturuhusu kuandamana, kwa sharti kwamba tusiende popote.

Nikapeleka mabango yetu kumi na mawili yakaguliwe. Yaliandikwa: Tunaomba haki kwa Radhia, tunaomba maji salama kwa watoto wetu. Inspekta aliyapitia na wino mweusi bila haraka. Radhia ni mfungwa, na jina la mfungwa ni mali ya Magereza. Maji yamo katika nyaraka za siri. Watoto ni uchochezi. Haki limo kwenye wimbo wa chama na haliwezi kutumiwa na mtu mwingine. Alipomaliza, kila bango lilikuwa limebaki na neno moja: TUNAOMBA. Alilisoma kwa sauti, akaridhika, akagonga muhuri mara kumi na mbili.

Nilipokuwa nakusanya mabango yangu, alitazama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba maji hata yakichemshwa hayafai. Nilimjibu alivyonifundisha mke wangu: moto huua vijidudu, risasi haiondoki. Akashukuru. Aliniambia ana wajukuu wawili. Kisha akafungua faili jingine.

*

Mkutano ulikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa sokoni, hatua chache kutoka kwenye bomba. Kibali kilisema watu hamsini. Tulikuja kumi na mmoja. Wengine walikuwa wamepigiwa simu alfajiri na sauti ya upole iliyowauliza habari za kazi zao. Polisi walikuwa sitini. Walikuja na hema, viti, kipaza sauti na kamba, na tukaingizwa ndani ya kamba kama mbuzi wa mnada. Tulisimama juani, tukainua mabango yetu. Tunaomba, tunaomba, tunaomba.

Nikiri kwamba nilikuwa na furaha. Maisha yangu yote nilikuwa nimeifundisha haki ile bila kuionja.

Bi Mwajabu alikuwa pembeni yangu na jagi lake la zamani na glasi tatu juu ya sinia. Jagi lilikuwa na maji ya bomba la sokoni. Inspekta Lutufyo alikuja kulikagua, akatafuta kwenye fomu kifungu cha kumkataza, akakikosa. Kumkataza mtu kuja na maji ya serikali kungekuwa na maana ambayo hakuna aliyetaka kuitia saini. Akamwacha.

Hakuna kilichotokea kwa saa moja. Halafu wanawake wakaanza kuja. Walikuja mmojammoja na vikapu vitupu, wakasimama nje ya kamba kama watu wanaochagua nyanya, lakini pale waliposimama hapakuwa na nyanya. Kufikia saa sita walikuwa zaidi ya mia tatu. Niliwatambua wengi, ni wazazi wa watoto wangu, wa walio hai na wa wasiokuwepo. Polisi walianza kukumbatia virungu vyao.

Ndipo alipofika Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Evarist Kandamba, na mpiga picha wa televisheni ya taifa. Alishuka kwenye gari akitafuna karanga, akafuta mikono, akashika kipaza sauti.

Alisema serikali imekisikia kilio chetu kabla hatujalia, na hata ingetokea tusilie, ingekisikia vilevile. Alisema maji ni uhai, na serikali ndiyo iletayo maji, kwa hiyo anayeyatilia shaka maji anautilia shaka uhai, na mtu wa namna hiyo kumfungia ndani ni kumtunza. Alitukumbusha kwamba jeshi letu shupavu lilizama kwa ajili yetu na halikuona risasi. Alitaja takwimu: kati ya watoto wote waliokufa, hakuna hata mmoja aliyelalamika kwa maandishi. Polisi walipiga makofi. Aliongea dakika arobaini, na jua likampata.

Bi Mwajabu akajaza glasi moja, akainama akapita chini ya kamba. Konstebo aliyekuwa karibu alisogea kumzuia, lakini kamera ilikuwa inatazama, akasita. Bi Mwajabu akapiga goti mbele ya Mkuu wa Wilaya kama inavyotakiwa kwa mgeni wa heshima, akanyanyua glasi kwa mikono miwili.

"Karibu maji, Mheshimiwa," alisema. "Umesema sana, koo litakuwa limekauka."

Kwetu mtu akipewa maji hakatai. Mheshimiwa aliipokea ile glasi. Akaitazama. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama yeye. Mwishowe alisema kwamba amefunga, akampa mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji aliyekuwa kulia kwake. Mkurugenzi alisema daktari wake amemkataza vitu vya baridi, akampa Inspekta Lutufyo. Inspekta alisema yuko kazini, na kazini hairuhusiwi kunywa. Akaipokeza nyuma yake, na glasi ikashuka ngazi zote za vyeo, mkono hadi mkono, bila kumwagika tone, mpaka ikamfikia konstebo aliyesimama mwisho wa mstari, mtu mzima mwenye mvi ambaye hakuwahi kupandishwa cheo. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akaamriwa anywe.

Aliishika kwa mikono miwili.

"Afande," alisema, "mwanangu yuko wodini tangu Jumanne."

Akaiweka glasi chini taratibu, akarudi kusimama wima.

Sauti iliyotoka kwa wale wanawake sijui niiite nini. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama mtu mmoja mkubwa amevuta pumzi. Polisi kadhaa waliangalia viatu vyao. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu Radhia achukuliwe, nilijua moyoni kwamba atatoka, na kwamba yatatoka mengi pamoja naye. Ilibaki hatua moja ndogo tu.

Mkuu wa Wilaya naye aliliona hilo. Akaniita hemani.

*

Ndani ya hema alikuwa mtu mwingine. Alinipa kiti, akaniita ndugu yangu. Alisema yeye binafsi hana kinyongo na mke wangu. Alitoa kwenye mkoba hati ya msamaha, jina la Radhia limekwisha kuchapwa, saini imekwisha kuwekwa. Kilichokosekana, alisema, ni sababu. Kisha akatoa barua ya daktari wa gereza. Ilisema figo za mfungwa zinashindwa, na kwamba hatarajiwi kuziona mvua zijazo.

Niliisoma barua ile mara tatu.

Akaniambia naweza kumwokoa kwa jambo dogo. Mimi ni mume wake, tena mwalimu wa Uraia, mtu anayeaminika. Ninywe maji mbele ya kamera, niseme hayana risasi. Kabla ya magharibi Radhia ataletwa nyumbani kwa gari lake yeye Mheshimiwa.

"Mwalimu," aliuliza, "wewe mkeo unamtaka au humtaki?"

Ningependa kuandika hapa kwamba niliwafikiria wale watoto thelathini na mmoja. Sikuwafikiria. Nilifikiria miguu ya Radhia, ambayo huvimba akisimama sana, na sakafu ya saruji anayolalia. Nilifikiria nitapika nini jioni hiyo.

Tukatoka. Nilikunywa glasi ya kwanza, na mpiga picha akasema hakuwa tayari. Nilikunywa ya pili, akasema jua lilikuwa nyuma yangu, uso umekuwa mweusi. Ya tatu aliniomba nitabasamu nikimaliza. Nikatabasamu. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba maji ni matamu, hayana risasi, na kwamba mke wangu alikosea.

Bi Mwajabu alikuja mpaka niliposimama. Nilidhani atanitemea mate, na ningeshukuru. Aliichukua glasi mkononi mwangu, akaokota zile nyingine mbili, akamwaga chini maji yaliyobaki kwenye jagi, akaondoka na sinia lake. Baada yake waliondoka wote, mmojammoja kama walivyokuja. Polisi walikunja hema.

Nilikwenda nyumbani nikafagia, nikatandika kitanda, nikapika ndizi na nyama, nikakaa barazani. Magharibi ikaadhiniwa. Gari halikuja.

*

Jumatatu nilikwenda kuuliza. Katibu wa Mkuu wa Wilaya alinipokea vizuri sana. Aliniambia nimetoka vizuri kwenye picha. Kuhusu msamaha, alieleza kwamba umekwama mahali padogo. Husamehewa aliyekiri, na Radhia alipoletewa karatasi ya kukiri kwamba alisema uongo, alikataa kutia saini. Na kwa kuwa uongo wake sasa umethibitishwa na mumewe mwenyewe, mahakama ilikaa Jumapili kwa dharura ikamwongezea miaka minne, kwa kosa la kung'ang'ania. Ushahidi wangu ulikuwa kielelezo namba mbili.

Niliomba kumwona. Nikapewa dakika kumi.

Alikuwa nyuma ya wavu, amekonda, nywele zimekatwa. Wafungwa wote walikuwa wameonyeshwa ile picha baada ya maharage. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Yeye aliniwahi.

"Ulikunywa ngapi?"

"Tatu."

"Bomba gani?"

"La sokoni."

Alifumba macho na midomo ikacheza. Niliijua hali ile, alikuwa anapiga hesabu kama alivyofanya miaka yote kwenye meza yetu ya chakula. Kisha akafumbua.

"Wewe mtu mzima, glasi tatu hazikuui," alisema. "Watakufa watakaokunywa kwa sababu yako."

Nikamweleza habari ya barua ya daktari, figo, mvua zijazo. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa mshangao. Akasema figo zake ni nzima, na gereza lile halina daktari. Akaweka kiganja kwenye wavu, na nilipotaka kukigusa akakiondoa. Hakuwa amekiweka kwa ajili yangu, alikuwa anajishikilia.

"Sudi," alisema, na katika miaka yetu yote aliniita Mwalimu, hata tukiwa wawili, "ulidhani ukinitoa hivyo nitaishi mtaa gani? Nitamtazama Mwajabu kwa jicho lipi?"

Askari alisema muda umekwisha, ingawa haukuwa umekwisha, na sikubisha. Alipokuwa anaondolewa aligeuka akaniambia nimtake radhi Bi Mwajabu, halafu nikaseme kweli palepale niliposema uongo.

Wiki ile picha yangu ilionyeshwa kila siku kabla ya taarifa ya habari. Baada ya karatasi za Radhia, wanawake wengi walikuwa wakitembea saa mbili kufuata maji ya chemchemi ya mlimani. Sasa walirudi bombani. Siwalaumu; ndoo ni nzito, na mwalimu alikuwa amekunywa akatabasamu. Shuleni watoto waliniambia kwa furaha kwamba wameniona. Siku ya Jumatano walizikwa wawili. Cheti kilisema uchovu.

Nilimkuta Bi Mwajabu uani kwake anachambua mchele. Hakuacha. Nilisema yote niliyokuwa nayo, nimesimama, kwa kuwa hakunikaribisha kiti. Alitupa kokoto kadhaa nje ya ungo.

"Ijumaa tunakwenda kulikalia lile bomba," alisema hatimaye. "Safari hii hatuombi kibali. Ukija, njoo. Usipokuja, itakuwa sawa na ulivyokuja Jumamosi ile."

*

Nilikwenda. Ilikuwa baada ya swala ya Ijumaa. Wanawake mia mbili walikaa chini kulizunguka bomba la sokoni, ndoo zao zimefudikizwa, bila bango hata moja. Walinipisha nipite bila kuniangalia. Nilipanda juu ya kreti la soda. Sijawahi kuzungumza mbele ya watu bila kuwa nimeandika kwanza.

"Niliyosema Jumamosi ni uongo," nilisema. "Maji haya yana risasi. Mke wangu alipima sawasawa. Mimi nilikunywa ili wamwachie, na hawakumwachia. Msinywe."

Halafu mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na kreti alisogeza ndoo yake kidogo kunifanyia nafasi ya kukaa. Ndilo jambo jema zaidi nililofanyiwa mwaka ule.

Polisi walifika na malori manne. Hawakuwa na kipaza sauti. Walianza kuwabeba wanawake mmoja baada ya mwingine, wakiwashika kwapani, na wanawake wakajilegeza wakawa wazito. Bi Mwajabu alibebwa na watu watatu. Khanga yake ilimtoka kichwani, na yule konstebo mwenye mvi akaiokota, akamfunika, akaendelea kumbeba. Mimi nilinyoosha mikono yangu kwa Inspekta Lutufyo.

Aliisukuma chini kwa upole.

"Mwalimu, wewe huwezi kukamatwa," alisema. "Wewe ni kielelezo."

Nilimwambia nimekiri kosa hadharani, nimefanya mkusanyiko bila kibali, nimeikashifu Mamlaka ya Maji. Alijibu kwamba kielelezo kilichokwisha kupokelewa mahakamani hakiwezi kubadili maneno, na hakuna mtu aliyenisikia nikisema lolote. Nilikimbilia lori la kwanza nikapanda. Askari wawili walinishusha kwa adabu, wakanipangusa vumbi. Nikapanda la nne, wakanishusha tena, na mmoja akaniuliza kama nimekula. Nikamshika Inspekta mkono, nikamsihi kwa ajili ya wajukuu zake. Alitazama upande mwingine. Alisema wajukuu zake amewahamishia kwa bibi yao, mkoani.

Malori yakaondoka. Bi Mwajabu alikuwa amekaa nyuma kabisa, ananitazama, na safari hii hakuugeuza uso.

Nilibaki peke yangu uwanjani na ndoo mia mbili. Nilisimama mbele ya bomba. Baada ya muda alitokea mama mmoja nisiyemfahamu, labda mgeni wa mtaa wa pili, amebeba mtoto mgongoni na dumu mkononi. Alishangaa kuona hakuna foleni, akaweka dumu chini ya bomba, akafungua koki.

Nikamwambia asichote, maji yana sumu, yanaua watoto. Alinitazama usoni, akaanza kutabasamu.

"Si wewe yule mwalimu wa kwenye televisheni?" alisema.

Nikafunga koki. Akacheka, akaifungua. Nikaifunga tena, nikaing'ang'ania kwa mikono miwili, naye akasubiri kwa heshima, kama mtu anavyomsubiri mzee amalize mzaha wake. Nyuma yake watu walikuwa wameanza kupanga foleni.